Karatasi Nilizotandika Mlangoni

Mwezi uliopita mlinialika kwenye darasa lenu la Jumamosi kule Crescent Town niwaeleze kazi niliyofanya. Nikawaeleza. Miaka ishirini na mitatu nimetunza jengo la wanafunzi la chuo kimoja hapa Toronto: kufungua na kufunga, kupiga deki, kupaka rangi, kubadilisha taa, kupanga viti na kuvipangua. Mlicheka niliposema kwamba mtu akizoea anaweza kutambua funguo arobaini kwa kidole gumba, bila kutazama. Mkanitaka niwaonyeshe, nikawaonyesha. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma, yule mwenye miwani, akaniuliza kwa Kiingereza siku yangu mbaya kuliko zote kazini ilikuwa ipi. Nikasema ni siku bomba lilipopasuka, maji yakashuka ngazi kama mto na profesa mmoja akavua viatu akakunja suruali. Mkacheka tena.

Nilimdanganya. Bomba lilipasuka kweli, lakini siku ile nilirudi nyumbani nikala nikalala vizuri. Haya ninayoandika ni jibu lake. Kama Kiswahili changu kitamshinda, mama yake amsomee.

Kazi nilifundishwa na Mreno mmoja aitwaye Anselmo, aliyekuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi ndoo nideki ukumbi wa kuingilia. Yalikuwa majira ya theluji. Mnajua wenyewe jinsi chumvi ya barabarani inavyoingia na mabuti ya watu na kuacha michirizi myeupe sakafuni. Mimi, Hemedi wa Tanga, nilimwaga sabuni nyingi nikasugua mpaka jasho likanitoka. Sakafu ilipokauka ilikuwa nyeupe kuliko mwanzo, tena inateleza. Mhadhiri mmoja akaanguka chali na vitabu vyake. Anselmo akamwinua, akamwomba radhi, akaja akamwaga maji yangu chooni. Akaleta maji ya uvuguvugu, akatia kikombe kimoja cha siki. "Sabuni weka mbali," akaniambia. Hadi leo mlango wangu hapa Weston hunuka siki kila Desemba, na mjukuu wangu hulalamika.

Alinifundisha pia kwamba siku za theluji nyingi, deki peke yake haitoshi. Unatandika mlangoni karatasi ngumu za kaki au maboksi yaliyokunjuliwa, watu wakanyage humo, zinyonye maji. Zikilowa unazitoa, unatandika nyingine. Na akanifundisha habari za ukuta. Wanafunzi hubandika matangazo kila mahali kwa selotepu, na selotepu ikikaa siku nyingi huondoka na rangi. Basi kila Jumapili asubuhi Anselmo alipita korido zote akibandua. Alibandua haraka sana, bila kusoma. Nilimuuliza siku moja kwa nini hasomi. Akasema akianza kusoma hatamaliza kazi. Nililipenda jibu lile. Alipostaafu nikawa nafanya hivyohivyo, nikijiona fundi.

Sasa niwaambie juu ya wale vijana wa Haiti.

Chama chao kilipewa chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Hawakuzidi thelathini, lakini kelele zao zilikuwa za watu mia. Jumanne walifanya mazoezi ya ngoma. Alhamisi walifundishana Kikreoli, maana wengi wao walizaliwa huku. Bibi akisema wanaelewa, lakini wanamjibu kwa Kiingereza. Mnawajua watu wa namna hiyo. Jumamosi asubuhi waliwakusanya watoto wa familia zao kutoka pande zote za mji wakawafundisha hesabu na kuchora, na mimi Jumapili nilikwangua nta ya rangi kwenye meza.

Mwanzoni tuligombana. Mwaka wao wa kwanza katika jengo waliniomba jiko dogo la chini ili wapike supu ya maboga kwa ajili ya mwaka mpya. Nikawapa saa mbili. Hakuna aliyeniambia kwamba supu ile hupikwa nusu siku, wala kwamba watakaanga nyama kwanza. King'ora cha moshi kikalia jengo zima. Watu mia tatu wakatoka nje kwenye baridi kali, wengine bila makoti, mmoja na taulo. Nilikwenda jikoni nimewaka. Nikamkuta msichana mrefu ameshika mwiko, hajasogea.

"Toka nje," nikamwambia.

"Nikitoka itaungua," akasema. "Na hii haiunguzwi."

Huyo alikuwa Mirlande, mwenyekiti wao, mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa na sauti ya chini, ilibidi umsogelee ili umsikie. Akanieleza kwamba zamani za utumwa mababu zao waliipika supu ile kwa ajili ya mabwana, wao wenyewe wakakatazwa kuionja. Walipopata uhuru, siku ya kwanza waliila. Basi kila mwaka huila. Nifanyeje? Tukalibeba lile sufuria mimi na yeye, kila mmoja na mkono wake, tukalishusha nje penye theluji, na wale watu mia tatu waliokuwa wanatulaani wakapewa supu kwenye vikombe vya karatasi. Tangu siku ile wakaniita Tonton, yaani mjomba kwa lugha yao.

Mirlande alikuja Toronto akiwa na miaka kumi na minne, akalelewa na shangazi yake. Nyuma alimwacha mama na mdogo wake wa kiume, Wilner. Mama alifariki, Wilner akabaki kwa majirani wakati karatasi zake za kuja huku zikizunguka maofisini. Mirlande alimlea kwa simu. Mara nyingi nilimkuta kwenye ngazi amekaa na simu sikioni, akimsikiliza Wilner akisoma shairi la shule, au akimgombeza kwa jambo fulani. Akiniona hupunguza sauti, kama mama anayegombeza mtoto mbele ya mgeni.

Kisha tetemeko likauangusha mji wao mkuu.

Siku lilipotokea mimi nilikuwa nyumbani na mafua mabaya. Niliona kwenye televisheni, nikasikitika kama mtu anavyosikitika na televisheni, nikalala. Nilikaa kitandani siku tano. Kwa hiyo sikuona yaliyofanyika ghorofa ya pili. Chumba kilikuwa kidogo, wakahamia kwenye korido. Walichukua karatasi za kaki, zile ngumu za kufungia vifurushi, wakazibandika ukutani kutoka mlango wao hadi kwenye ngazi. Juu yake wakaandika majina ya ndugu zao wote waliokuwa hawajasikika. Kila aliyepata simu aliandika pale: nani ameonekana, wapi, na nani, apigiwe namba gani. Watu wa Kihaiti wasio wanafunzi wakawa wanakuja kutoka Scarborough na Mississauga kusoma ukuta ule. Makapeni meusi, zile kalamu nene za wino, yalipowaishia, Fabiola, katibu wao, akachukua kalamu za rangi za watoto wa Jumamosi. Zile zinazooshwa kwa maji.

Jumapili nilirudi kazini. Msimamizi wangu alikuwa ameniachia ujumbe kwamba Jumatatu kuna wageni wakubwa, korido ziwe safi. Usiku kucha theluji ilikuwa imeshuka. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, kichwa bado kizito, nikapanda juu, nikaona ukuta niliokuwa nimeupaka rangi mwezi uliotangulia umejaa makaratasi na selotepu. Maandishi yalikuwa ya Kikreoli na Kifaransa, mishale huku na huku, rangi nyekundu, kijani, zambarau. Nikasema moyoni, haya, ngoma nyingine hii.

Vijana, neno "Haiti" lilikuwa pale. Nimejiuliza mara nyingi kama macho yangu yaliliona. Nadhani yaliliona. Sikusimama.

Nikabandua yote. Niliona karatasi yenyewe ni nzuri, nene, nikaona ni hasara kuitupa. Nikaishusha chini, nikaitandika mlangoni, maandishi yakitazama juu.

Kwenye saa nne wanafunzi wakaanza kuingia kwenda maktaba. Mimi nilikuwa chini kwenye chumba cha mashine. Saa sita na nusu nikasikia mtu anapiga kelele ukumbini. Nilipanda nikamkuta Fabiola amepiga magoti mlangoni, anawasukuma watu kwa mikono, "Msikanyage! Msikanyage!" Mirlande alikuwa amesimama kando yake na sare ya kazi. Wikiendi alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mahali ambapo simu huachwa kabatini mpaka zamu iishe.

Jana yake, Jumamosi jioni kabla ya kufunga, simu ya ofisi yao ilikuwa imelia. Alikuwa mwanamke, anapiga kutoka kule, laini inakatika. Akasema kuna kijana anaitwa Wilner yuko kwenye uwanja wa shule fulani, amevunjika mguu, ana dada Toronto. Akatoa namba apigiwe. Fabiola akaiandika ukutani, kama ilivyokuwa desturi yao, akamwachia Mirlande ujumbe wa sauti: njoo, kuna habari za Wilner ukutani. Mirlande aliusikia Jumapili alipotoka zamu ndefu ya usiku. Alikimbia kutoka kituo cha treni. Alipoingia ndani alikung'uta mabuti yake juu ya karatasi zile, akapanda kwenda kuzitafuta, akakuta ukuta mtupu.

Tuliziinua kwa uangalifu, zinachuruzika. Tukazitandaza juu ya hita. Chumvi na maji na nyayo za asubuhi nzima. Majina mengi yalikuwa yamegeuka madoa. Ule mstari wa Wilner ulikuwa karibu na ukingo, na jina lilisomeka, na jina la shule lilisomeka nusu. Namba ya simu ilisomeka yote isipokuwa tarakimu mbili za mwisho. Pale palikuwa na doa la zambarau tu.

"Nani kafanya hivi?" Fabiola akauliza. Hakuniuliza mimi. Aliuliza hewani.

Nikajibu mimi. "Watu wa usafi wa wikiendi."

Ndivyo nilivyosema. Lilitoka kwa urahisi, hata sikulipanga. Chuo kilikuwa na kampuni ya usafi; siku za wiki ilisafisha majengo mengine, kwetu ilileta mtu Jumamosi na Jumapili, naye alikuwa mama mmoja wa Kifilipino, Teresita, mwembamba, mkimya, ambaye aliniletea maandazi ya kwao kila Krismasi. Sikutaja jina lake. Jengo lilikuwa na mtu mmoja wa wikiendi, haikuhitaji jina.

Mirlande hakulia. Alikaa kitako sakafuni penye maji, akaangalia lile doa. Kisha akasema, "Tarakimu mbili. Ni namba mia tu."

Tukagawana. Fabiola akachukua sifuri sifuri mpaka thelathini na tatu, Mirlande akaendelea hadi sitini na sita, na mimi nikasema nitapiga zilizobaki. Walikuwa na kadi za simu, na simu tatu. Mimi Kikreoli sikijui zaidi ya salamu, kwa hiyo Fabiola akaniandikia sentensi moja niisome: natafuta habari za Wilner aliyeko uwanja wa shule, mimi ni rafiki wa dada yake. Nikaisoma kwa lafudhi ya Tanga mchana kutwa.

Nyingi hazikuita kabisa. Nyingine ziliita mpaka zikakatika. Waliopokea walikuwa watu walioshtuka, wanaodhani ni ndugu yao anapiga. Mzee mmoja aliniitikia jina la mtu mwingine kwa furaha ambayo sitaisahau, mara tatu, nami sina maneno ya kumwambia kwamba mimi siye. Kwenye themanini na moja alipokea mwanamke. Nikasoma sentensi yangu. Akaanza kusema, haraka, bila kupumua, na katikati ya maneno nikasikia jina linarudi na kurudi: Nadège, Nadège. Nikadhani amenielewa, ana habari. Nikampungia mkono Fabiola. Akaja, akasikiliza, uso ukabadilika. Akaziba simu kwa kiganja.

"Hamjui Wilner," akaniambia. "Anasema binti yake yuko Montreal, hajui mama yake yu hai. Anatuomba tumtafute."

Fabiola akachukua karatasi mpya, akaliandika jina la yule binti juu kabisa. Ikawa ndilo jina la kwanza kwenye ukuta mpya. Jumanne walimpata Nadège. Yule mama aliwapigia Mirlande na Fabiola akawaombea Mungu kwa dakika nzima, na nikamwona Mirlande anaitikia "asante, asante" huku amefumba macho.

Tulimaliza mia yote saa kumi na moja jioni. Namba kumi na moja ziliita bila kupokelewa. Tulizirudia kila siku kwa wiki mbili.

Siku ya tisa binamu wa mmoja wao aliyekuwa kule alifanikiwa kufika kwenye ile shule. Waliokuwepo wakamwambia ndiyo, palikuwa na kijana mwenye mguu uliovunjika, mcheshi, alikuwa akiwafundisha watoto nyimbo. Majeruhi walichukuliwa na lori. Wengine walisema limekwenda mpakani, wengine wakasema bandarini kwenye meli ya hospitali. Aliyeandika majina hayupo. Mwanamke aliyepiga simu naye hayupo. Alikuwa mchuuzi tu, alimwonea huruma.

Wilner hajapatikana mpaka leo ninapoandika.

Sasa, binti yangu mwenye miwani, hiyo bado si sehemu mbaya. Wageni wa Jumatatu walikuja wakaondoka. Chama kiliandika barua kulalamikia usafi wa wikiendi. Msimamizi wangu akaniita akaniuliza kama najua lolote. Nikasema sikuwa juu, nilikuwa kwenye mashine. Alikuwa na haraka, akaandika, akafunga faili. Wiki iliyofuata Teresita akahamishiwa tawi la chuo lililo mbali kabisa upande wa mashariki. Nilikutana naye siku ya mwisho akichukua viatu vyake kabatini. Akanisalimia kama kawaida. Nikamtakia kila la heri.

Na mwisho wa muhula wale vijana walifanya hafla ndogo kwa waliosimama nao. Wakaniita mbele. Mirlande mwenyewe akanivisha skafu ya rangi za bendera yao, akawaambia watu kwamba Tonton alipiga simu thelathini na tatu katika lugha asiyoijua. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nimevaa skafu.

Kuanzia hapo niliwafanyia kila kitu. Chama kilikusanya misaada miaka ile yote, maana baada ya tetemeko likaja hili na lile, na mimi nikawa mtu wao wa maboksi. Haya nayajua vizuri, na yatawafaa siku moja. Boksi lisizidi uzito ambao msichana mdogo kuliko wote chumbani anaweza kuuinua bila kupinda mgongo, kwa sababu hujui nani ataliinua upande wa pili. Andika kilichomo kwenye pande tatu, usiandike juu, maana juu patawekewa boksi jingine. Andika kwa lugha ya wanaopokea. Sabuni isikae na mchele. Sisi tulizichanganya mara ya kwanza, na padre aliyepokea akatuandikia kwa adabu sana kwamba wali ulitoa harufu ya waridi. Mkitangaza mnapokea msaada, semeni mnachotaka na msichotaka, la sivyo watu wa Toronto, kwa moyo wao mwema, watawaletea makoti ya manyoya. Tuliwahi kuletewa jozi sita za viatu vya kuteleza barafuni. Fabiola alivaa jozi moja akazunguka korido nzima akishikilia ukuta, na hiyo ndiyo mara pekee mwaka ule niliyomsikia Mirlande akicheka.

Na makapeni. Nilinunua mimi mwenyewe, yale yasiyotoka kwa maji, boksi zima.

Nilistaafu. Chama kikaendelea na vijana wengine. Kisha kimbunga kikapiga kusini mwa Haiti, wakaniita niwaonyeshe kufunga mahema na dawa za kusafishia maji. Nikaenda kwenye ukumbi wa kanisa waliokopeshwa. Mirlande alikuwepo. Sasa ni muuguzi, ana watoto wawili, nywele zimeanza mvi mbele. Tulikuwa tumekaa sisi wawili tu kwenye meza ya mwisho, tukifunga, wengine wamekwenda kula. Akaniambia, bila kuacha kazi, kwamba mpaka sasa akiona mwanamume wa umri wa Wilner anachechemea njiani humfuata hatua chache.

"Mirlande," nikasema, "karatasi zile nilizibandua mimi."

Akaendelea kuvuta selotepu mpaka mwisho wa boksi. Akaikata.

"Zipi?"

"Za ukutani. Hakuwa mtu wa wikiendi. Nilizibandua mimi, nikazitandika mlangoni. Sikusoma."

Sauti za watu wakila zilitufikia kutoka chumba cha pili. Aliweka mikono yote miwili juu ya boksi.

"Zile simu thelathini na tatu," akasema. "Ulizipiga kweli?"

"Wallahi nilizipiga. Zote."

"Hukuruka hata moja?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Kisha akaniuliza, "Na yule mama wa usafi?"

Nikamweleza. Nilitaraji angenipigia kelele juu ya Wilner. Hakulitaja jina la Wilner. Alisikiliza habari za Teresita mpaka mwisho, akasimama, akachukua koti langu kwenye kiti, akanipa.

"Kamtafute," akasema. "Kabla hujamwambia, usije hapa."

Ilinichukua wiki tatu. Kampuni ile ilikuwa imebadilisha jina. Mlinzi mmoja wa zamani alinielekeza kwenye kanisa la Wafilipino, kanisani wakanielekeza kwenye ghorofa moja la zamani, mbali kule mashariki. Alifungua mlango mnyororo ukiwa bado umefungwa. Akanitambua. Nikamwambia palepale koridoni, maana hakunikaribisha, na nisingetaka anikaribishe kabla hajasikia.



"Jumapili ile sikuja kazini," akasema. "Theluji ilikuwa nyingi, mabasi hayakutembea. Kampuni walijua. Hakuna aliyewauliza."



"Nilipanda mabasi mawili zaidi kila siku," akaendelea. "Miaka sita. Mume wangu alikuwa mgonjwa wakati huo. Nilikuwa nikifika nyumbani ameshalala, nikiondoka bado amelala. Mwaka wake wa mwisho nilimwona amelala tu." Alisema bila hasira, kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda mahali. "Nilidhani pengine nilifanya kosa fulani nisilolijua. Nilifikiri sana ni kosa gani."

"Ni mimi," nikasema.

"Ndiyo. Nimesikia." Akanitazama kupitia ule mwanya. "Asante kwa kuniambia, Hemedi." Akafunga mlango. Sikusikia nyayo zake zikiondoka; nadhani alisimama upande ule, kama nilivyosimama upande huu, mpaka mtu akatoka kwenye lifti na mizigo ya sokoni nikampisha.

Nilimpigia Mirlande jioni ileile nikiwa kituoni nasubiri treni. Nikamwambia kila kitu, hata lile la mume. 

"Jumamosi tunafunga mablanketi," akasema. "Saa tatu asubuhi. Lete selotepu, yetu imekwisha."

Hakusema amenisamehe. Nilinunua selotepu, nikaenda.